Mwanafunzi wa Sheria na Ufunguo wa Sheria ya Biashara

Kila mwisho wa mwaka wa masomo, baadhi ya wanafunzi wa sheria hutuletea barua zao za kuomba nafasi katika ofisi za mawakili wa makampuni ili tuwasahihishie lugha. Wengi hukiri kwamba wanaandika bila tumaini: nafasi ni chache, na yasemwa kwamba hupewa watoto wa wakubwa. Hatukatai kwamba ujamaa una nguvu. Lakini katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba upo ufunguo mwingine, ulio mikononi mwa mwanafunzi mwenyewe, nao ni uwezo wa kusoma na kuandika mkataba pasipo kosa.

Tuanze na sheria zenyewe. Tangu tarehe 12 Septemba 2012, nchi yetu inafuata sheria za OHADA, jumuiya iliyoundwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Port Louis mwaka 1993. Kwa hiyo sheria ya makampuni anayojifunza mwanafunzi wa Lubumbashi ndiyo inayotumika Dakar na Douala. Tena, kesi ya biashara inayohusu sheria hizo, ikiisha kukatwa katika mahakama ya rufani, huenda mbele ya Mahakama ya pamoja ya Abidjan, wala si Kinshasa. Kwa sisi wa Katanga iongezwe Sheria ya Migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018. Mwanafunzi asitosheke na muhtasari wa darasani. Azisome sheria hizo zenyewe, kifungu kwa kifungu.

Pili, njia ya kuingia. Baada ya shahada, anayetaka uwakili huandikishwa katika baraza la mawakili, hula kiapo, kisha hufanya miaka 2 ya mafunzo chini ya wakili mwenye uzoefu. Miaka hiyo huamua mengi, na aliyejifunza tu kesi za talaka na urithi haijui bado biashara. Basi atafute mapema ofisi yenye mafaili ya makampuni, hata kama kazi ya kwanza ni kupanga karatasi. Kabla ya hapo, ahudhurie vikao vya mahakama ya biashara. Mahakama hizo zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, na humo wafanyabiashara huketi pamoja na hakimu wa kazi. Atasikia jinsi hoja inavyojengwa juu ya ankara, hati ya deni, au sahihi iliyokosekana. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, lugha, na hapa ndipo tunapoona wengi wakijikwaa. Katiba ya mwaka 2006 yaitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha 4 za taifa. Mteja hueleza shauri lake kwa Kiswahili. Wakili huliandika kwa Kifaransa. Mteja akisema «nimepangisha ghala», twajua kwamba ghala ni lake na kodi atapokea yeye. Angesema «nimepanga ghala», mlipaji angekuwa yeye. Kiambishi kimoja kinatenganisha mwenye mali na mpangaji. Lakini kitenzi cha Kifaransa «louer» hubeba maana zote mbili. Mwanafunzi aliyetuandikia «mon client a loué l'entrepôt» hakuwa na kosa la sarufi, ila hakuna hakimu angeweza kujua nani anamdai nani. Ilimpasa kuandika «a donné à bail». Kosa la namna hiyo laweza kumpotezea mteja kesi, na mwanafunzi nafasi yake.

Shauri letu ni hili. Kila juma, mwanafunzi achukue mkataba mmoja: wa pango, wa mkopo, wa usafirishaji. Aufupishe kwa Kifaransa katika ukurasa mmoja, kisha amweleze kwa Kiswahili mtu asiyesoma sheria. Msikilizaji asipoweza kusema nani atalipa, kiasi gani na lini, basi mwandishi mwenyewe hajauelewa. Aongeze Kiingereza, kwani wawekezaji wengi wa migodi huandikiana kwa lugha hiyo.

Hatuahidi kwamba atakayefanya hivyo ataajiriwa kesho. Twasema tu kwamba siku atakapopewa faili na kuambiwa «nieleze», hatahitaji jina la baba yake ili kujibu.