Kichwa cha Treni Kimelala kwa Skrubu Moja

Ukiangusha skrubu ya kichwa cha treni cha mfano sebuleni Mikocheni, ukainua makochi na zulia usiione, usikimbilie Kariakoo kwanza. Jiulize: hicho kichwa kilitengenezwa wapi? Cha Mjerumani kwa kawaida kina skrubu za milimita. Cha Mwingereza, hasa cha zamani, huenda kina skrubu za kipimo kiitwacho BA. Cha Mmarekani mara nyingi hubeba namba kama 2-56, maana yake meno 56 ndani ya inchi moja. Ukizimwaga zote tatu kiganjani, ni chembe tu za chuma. Jicho halioni tofauti.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 kila karakana ilikata meno ya skrubu ilivyopenda, na nati ya huku haikuingia kwenye bolti ya kule. Mwaka 1841 Joseph Whitworth, mhandisi wa Manchester, akapendekeza kipimo kimoja kwa Uingereza nzima, meno yenye pembe ya digrii 55. Wamarekani baadaye wakaja na chao cha digrii 60, Ulaya Bara ikashika milimita. Kwa vitu vidogo Waingereza wakaazima utaratibu wa Mswisi Thury, na mwaka 1884 ikazaliwa BA: pembe ya digrii 47.5, na namba inayopanda kadiri skrubu inavyopungua. 0BA ina unene wa milimita 6. 8BA ina milimita 2.2.

Sisi wa Dar es Salaam tusiwacheke. Jiji hili lina reli za vipimo vitatu. Reli ya Kati, iliyoanzwa na Wajerumani mwaka 1905, ina upana wa mita moja. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ina milimita 1,067. SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina milimita 1,435. Tofauti kati ya mbili za kwanza ni milimita 67 tu, lakini behewa la huku haliwezi kuendelea kule. Mzigo sharti ushushwe na kupakiwa upya. Ukizipunguza mara 87, kipimo kinachopendwa na wengi wenye treni za mfano, SGR inabaki milimita 16.5, TAZARA 12.3 na Reli ya Kati 11.5. Hapo mtu hutandika reli ya milimita 12 kwa hizo mbili za mwisho na hakuna wa kumuuliza.

Kwenye skrubu huwezi kuchakachua hivyo. Chukua skrubu ya M2, yaani ya unene wa milimita 2, ambayo jino na jino hupishana kwa milimita 0.4, uitie kwenye tundu la 8BA, ambalo meno yake hupishana kwa 0.43. Itaingia, kwa kuwa ni nyembamba kidogo, na hapo ndipo inapokudanganya: inagusa ncha tu. Kufikia jino la sita imeshapishana na tundu kwa milimita 0.15, zaidi ya theluthi ya jino zima. Ukikaza, unaua meno. Usipokaza, mtetemo wa mota utailegeza.

Kwa hiyo pima. Laza skrubu nyingine iliyobaki kwenye kichwa hicho juu ya rula, piga picha kwa simu, ikuze, kisha hesabu nafasi kumi kati ya meno. Zikichukua milimita 4.0, ni M2. Zikichukua 4.3, ni 8BA. Zikifika 4.5, huenda umeshika 2-56 ya Mmarekani.

Ghala la skrubu ndogo katika jiji hili ni makopo ya mafundi simu, Mwenge na Kariakoo. Fundi akimimina kopo lake juu ya karatasi nyeupe na kupitisha ncha ya bisibisi yenye sumaku, nyingi hurukia. Zinazobaki zimelala mara nyingi ni za shaba au za chuma kisichoshika kutu, na hizo nazipendelea kwa hewa yetu ya chumvi. Za simu aghalabu ni nyembamba mno, M1.4 au M1.6. Omba za laptopu, ndiko M2 na M2.5 zilikojaa. Za pembeni mwa CD-ROM ni M3, ila za diski ngumu kubwa ya kompyuta ya mezani ni za inchi, kwa hiyo kopo moja lina mataifa mawili. Skrubu ikiwa ndefu, ivishe nati kwanza, kata, piga tupa, kisha fungua nati. Ikitoka inanyoosha meno yaliyopinda.

Angalia na chasisi. Za zamani nyingi ni aloi ya zinki, na zinki iliyochanganyika na risasi kidogo kiwandani huvimba na kupasuka taratibu, joto na unyevu vikiharakisha. Ukiona nyufa kuzunguka tundu, hakuna skrubu itakayokusaidia.

Kama chasisi ni nzima na kipimo ni BA, usikubali tundu litobolewe upya ili lipokee M2. Skrubu za BA bado zinauzwa Uingereza kwa pakiti ndogo, na anayekuja likizo anaweza kuzileta ndani ya bahasha.