Je, Wajua? Alama ya Biashara Haivuki Mpaka

Je, wajua kwamba alama ya biashara iliyosajiliwa kwa BRELA, msajili wa Tanzania Bara, Dar es Salaam, hailindwi Zanzibar? Visiwani kuna sheria yake na msajili wake, BPRA. Basi muuza viungo anayetaka jina lake lilindwe pande zote mbili za Muungano hana budi kusajili mara mbili.

Akivuka Namanga kwenda Kenya, ataanza upya kwa msajili wa huko, KIPI. Uganda, kwa URSB. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina soko la pamoja, lakini haina usajili mmoja wa alama.

Hata muda hutofautiana: Tanzania Bara usajili wa kwanza hudumu miaka 7, Kenya miaka 10.

Kwingineko majirani wameungana. Nchi 17 wanachama wa OAPI, shirika la miliki bunifu lenye makao makuu Yaoundé, Kameruni, hutumia usajili mmoja unaozifunika zote. Ubelgiji, Uholanzi na Luxemburg nazo zina usajili mmoja wa pamoja tangu 1971.

Mfanyabiashara, sajili jina lako katika kila nchi unayolenga kabla mzigo haujavuka mpaka. Mwingine akikutangulia, kulirudisha ni kesi ndefu na ya gharama.