Video ya kwanza ya mzungumzaji: Ukumbi halisi ndio shahidi

MTU anayeanza kazi ya kuzungumza hadharani hukutana mapema na mtihani mgumu. Waandaaji wa semina, mahafali na mikutano ya wafanyakazi humtaka awaonyeshe video ya kazi yake kabla ya kumwalika. Yeye hana video kwa kuwa hajaalikwa popote, na haalikwi kwa kuwa hana video.

Katika kutafuta njia ya mkato, wapo wanaokimbilia studio. Mhusika hukodi mpiga picha, huvaa suti, husimama mbele ya pazia na kuihutubia kamera peke yake. Picha hutoka safi na fedha huisha, lakini mwaliko hauji.

Sababu yake haiko mbali. Mwandaaji wa mkutano hutafuta jibu la swali moja: Je, mtu huyu akikabidhiwa watu 200 walioanza kusinzia baada ya chakula cha mchana, atawaamsha? Video isiyo na wasikilizaji haiwezi kulijibu swali hilo, hata ikipambwa vipi.

Mfano mmoja ulionekana mjini Arusha Juni 2007, katika mkutano wa TEDGlobal. Miongoni mwa waliopanda jukwaani alikuwa William Kamkwamba, kijana wa Malawi aliyeacha shule kwa kukosa ada, kisha akajenga nyumbani kwao mtambo wa upepo wa kuzalisha umeme kwa kutumia miti, sehemu za baiskeli na vyuma chakavu. Kiingereza chake kilikuwa cha kusitasita na wasiwasi wake ulionekana wazi, hivyo maelezo yake yakawa mafupi, ya kuulizwa na kujibu.

Hata hivyo, video ya dakika chache iliyorekodiwa pale ilitazamwa katika nchi nyingi. Mwaka 2009 alirudi katika jukwaa hilo, safari hii Oxford, Uingereza, akaeleza kisa chake kwa kirefu. Video ya Arusha haikurekodiwa kwa ajili ya kutafuta kazi, lakini inatoa fundisho: alikuwa na jambo la kweli la kusema, na watu halisi walionekana wakimsikiliza.

Ukumbi wa kuanzia

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mzungumzaji mpya ni kutafuta wasikilizaji. Anaweza kujitolea kuzungumza bila malipo katika shule ya sekondari, kikundi cha VICOBA, umoja wa vijana wa msikitini au kanisani, au chama cha wanafunzi chuoni, kwa sharti la kuruhusiwa kurekodi. Watu 20 wanaosikiliza kwa makini wanatosha.

Njia nyingine ni klabu za Toastmasters, mtandao ulioanzia California, Marekani, mwaka 1924. Wanachama hutoa hotuba walizoziandaa, mara nyingi za dakika tano hadi saba, kisha wenzao huwaeleza wapi walifanya vizuri na wapi walikosea. Anayejaribu hotuba yake mahali kama hapo mara tatu au nne huijua vyema kabla kamera haijawashwa.

Ruhusa iombwe mapema kwa mwenyeji na kwa wasikilizaji wenyewe, hasa pale wanapokuwapo watoto. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na Tanzania ilipitisha ya kwake mwaka 2022. Asiyetaka kuonekana atengewe viti nyuma ya kamera.

Sauti kabla ya picha

Simu ya kawaida ya siku hizi hupiga picha inayofaa. Kinachoharibu video nyingi za kwanza ni sauti. Kamera ikiwekwa mwisho wa ukumbi hunasa feni, viti vinavyoburutwa na jenereta ya jirani kuliko maneno ya mzungumzaji. Dawa yake ni kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, au simu ya pili inayorekodi sauti ikiwa katika mfuko wa shati. Zote ziwekwe katika hali ya ndegeni ili simu isiite katikati ya hotuba. Mzungumzaji akipiga kofi moja mwanzoni mbele ya kamera, mhariri atapata mahali pa kuoanisha sauti na picha.

Kamera isimamishwe juu ya stendi, simu ikilazwa kwa upana. Dirisha lisiwe nyuma ya mzungumzaji, kwani mwanga wake humgeuza kivuli. Ikipatikana simu nyingine, ielekezwe kwa wasikilizaji, kwa maana sura zinazotabasamu au kutafakari ndizo zitakazomshawishi mwandaaji.

Kuhariri bila kudanganya

Hotuba irekodiwe yote, kisha zichaguliwe sehemu chache zisizozidi dakika tatu hadi tano. Mzungumzaji aonekane akizungumza katika sekunde za mwanzo kabisa. Nembo inayozunguka na muziki mrefu humchosha mwandaaji mwenye video nyingi za kutazama. Tena muziki wa mtu mwingine huhitaji idhini ya mwenye hakimiliki. Angalau sehemu moja iachwe bila kukatwa, ili ionekane namna anavyojenga hoja tangu mwanzo hadi mwisho. Jina, mada na namba ya simu viandikwe mwishoni.

Kishawishi kikubwa huja hapa. Ni rahisi kubandika makofi ya ukumbi mwingine, au kuonyesha umati ambao haukuja kwa ajili yake. Lakini mwandaaji makini huomba hotuba nzima, na asiyeiomba atamwona mzungumzaji siku ya tukio akiwa amekwisha kumlipa. Katika kazi inayoishi kwa watu kupendekezana, siku moja ya aibu huweza kufunga milango mingi.

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, lakini hata kizuri hakina budi kuwekwa mahali kinapoonekana. Mzungumzaji anayeonyesha watu 20 wa kweli waliomsikiliza hadi mwisho tayari ana bidhaa ya kuweka sokoni. Video ya pili atairekodi katika ukumbi atakaoalikwa kwa sababu ya ile ya kwanza.