Mkimya si Mgonjwa

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo, asiyesema sana huambiwa anaringa, au ana lake moyoni. Mtoto wa namna hiyo hulazimishwa kuchangamka mbele ya wageni. Tunakosea. Mwaka 1921 daktari Carl Jung wa Uswisi alieleza kwamba wapo watu ambao nafsi zao huelekea zaidi ndani, na wengine nje. Hayo ni maumbile, si maradhi. Kazini na nyumbani, tumpe mkimya nafasi ya kufikiri kabla ya kujibu. Hata Yesu alijitenga alfajiri akasali (Mk 1:35). Lakini mchangamfu akinyamaza, akakosa usingizi na hamu ya chakula kwa majuma mawili, tusiseme ni tabia: tumpeleke hospitali.