GUGU MAJI KATIKA UFUKWE WA MARA: TABIA YAKE NA NAMNA YA KULIDHIBITI

Maelezo haya yanatolewa kwa watumishi wa Serikali wa kata, vijiji na mitaa, na kwa wananchi wote waishio kandokando ya Ziwa Victoria katika Musoma na Bunda, wale wa visiwani kama Rukuba, na wale wa Butiama ambao vijiji vyao vinapakana na kinamasi cha mto Mara. Gugu maji linafahamika kwa wote hao. Tabia yake haifahamiki vema, na aghalabu jitihada za kuling'oa zimepotea bure kwa sababu hiyo.

Mmea huu ni mgeni. Asili yake ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini, na kilichousafirisha duniani ni ua lake la zambarau, ambalo watu walilipenda wakalipanda katika mabwawa ya bustani zao. Katika Tanzania ulikwisha kuonekana katika mito ya Sigi na Pangani tangu miaka ya 1950. Ziwa Victoria lilifikiwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na mto Kagera ndio uliokuwa mlango wake mkubwa.

Bua la gugu maji ni nene na laini, limejaa vifuko vya hewa, na kwa hiyo mmea huelea pasipo kushikwa na udongo. Takriban sehemu 95 katika kila 100 za uzito wake ni maji matupu. Ndiyo maana mtu achukuaye tenga moja la magugu mabichi huchoka upesi, na yakikauka hubaki kitu kidogo tu. Huzaana kwa njia mbili. Kwanza, hutoa vikonyo vitambaavyo juu ya maji, na ncha ya kila kikonyo huwa mmea mpya. Penye joto na rutuba, eneo lililofunikwa laweza kuongezeka maradufu katika muda wa wiki moja hadi mbili. Pili, hutoa mbegu zinazozama matopeni, zikakaa hai miaka 15 na zaidi. Hivyo basi, ghuba iliyosafishwa mwaka huu na kuonekana nyeupe haijapona. Mbegu zingali chini zikingoja maji yapungue na mwanga uzifikie.

Chakula cha gugu ni naitrojeni na fosforasi iliyomo majini. Vitu hivyo hutoka katika maji machafu ya miji, sabuni za wafuao ufukweni, samadi, na udongo wa mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wako wanaoidhania sheria hiyo kuwa ni ya kumwonea mkulima mdogo. Ukweli ni kwamba bustani ya mboga iliyo ukingoni hulisha gugu lile lile litakalomzuia mwenye bustani kufika kwenye mtumbwi wake.

Madhara yake yanajulikana kwa wavuvi. Zulia la magugu huziba mialo, hunasa nyavu na kuzuia vyombo. Chini ya zulia hilo mwanga haupenyi na hewa huwa haba. Sato na sangara hukimbia, wakabaki kamongo na kambare ambao huweza kuvuta hewa ya juu. Konokono wabebao kichocho hujishikiza katika mizizi yake, na kwa hiyo watoto waogao penye magugu na akina mama wachotao maji hapo wamo hatarini. Aidha, mamba na nyoka hujificha humo.

Magugu yanapokufa kwa wingi huoza, na kuoza huko hula oksijeni ya maji. Wakazi wa karibu na daraja la Kirumi hawajasahau mwezi Machi 2022, maji ya mto Mara yalipogeuka meusi na samaki kufa, hata Serikali ikasimamisha kwa muda matumizi ya maji hayo. Kamati iliyoundwa ilitaja kuoza kwa mimea pamoja na kinyesi na mikojo ya mifugo, maelezo yaliyozua mjadala mrefu miongoni mwa wananchi na wataalamu. Lakini juu ya jambo moja hapana ubishi: mimea mingi ikioza katika maji yasiyokwenda kasi, samaki hukosa pumzi.

Mwaka 1998 hali ilikuwa mbaya kupita kiasi. Katika Ghuba ya Winam, Kenya, peke yake, magugu yalifunika takriban hekta 17,000. Nchi tatu zenye ziwa hili zilikwisha kuanza, katikati ya miaka ya 1990, kuachia aina mbili za fukusi walao gugu maji tu, nao pia asili yao ni Amerika ya Kusini. Katika Tanzania fukusi hao walizalishwa katika vituo vya Serikali na katika matangi yaliyotunzwa na wananchi wenyewe, chini ya Mradi wa Hifadhi ya Mazingira ya Ziwa Victoria ulioanza mwaka 1997. Ni wadudu wadogo, urefu wao milimeta 5 hivi, wa jamaa moja na wale watobao mahindi ghalani, ila hawali mahindi, mihogo wala pamba. Fukusi mkubwa hukwangua jani. Funza wake hutoboa bua, maji yakaingia penye vifuko vya hewa, na mmea ukazama polepole. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000 sehemu kubwa ya ziwa ilikuwa imefunguka. Mawimbi na mawingu ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 nayo yanahesabiwa kuwa yalisaidia.

Hata hivyo gugu lilirudi, hasa baada ya mvua nyingi za mwishoni mwa 2006. Fukusi hufuata chakula chake: magugu yakipungua naye hupungua, na magugu yakichipua tena huyakuta yamemtangulia. Hapa ndipo lilipo kosa lifanywalo mara nyingi katika kampeni za usafi, la kung'oa kila mmea wakati mmoja. Yafaa kusafisha mialo, njia za vivuko na penye mitambo ya kuvuta maji, na kuacha vipande vyenye fukusi mahali pasipo na shughuli. Jani lenye madoa madogo ya mkwaruzo ni alama kwamba fukusi yumo.

Magugu yang'olewe mazima pamoja na mizizi, kabla ya kutoa maua, na yapelekwe mbali na ukingo ambako wimbi halifiki. Kuyakatakata na kuyaacha majini ni kuyapanda upya. Yaliyokauka yanaweza kutiwa katika shimo la mboji, ila mboji hiyo itumike mbali na ziwa. Kupuliza sumu ya magugu pasipo kibali ni marufuku, kwa kuwa maji hayo hayo hunywewa. Na kwa vile upepo huyahamisha mazulia kutoka ghuba moja hadi nyingine, kijiji kimoja kisafishapo peke yake hupokea magugu ya jirani kesho yake. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vya Musoma, Bunda na Butiama vinahimizwa kupanga siku zao kwa pamoja.

Mwisho, wananchi wanatahadharishwa juu ya gugu jingine, salvinia, ambalo mwanzoni mwa 2025 lilisumbua vivuko kati ya Kigongo na Busisi mkoani Mwanza. Majani yake ni madogo, ya mviringo, yenye vinyweleo juu, na halitoi ua. Fukusi wa gugu maji hawali mmea huo; unao mdudu wake mwingine. Atakayeuona asiubebe kwenda nao nyumbani wala kuutupa kwingine majini, bali atoe taarifa kwa Afisa Mtendaji wa kijiji au mtaa, ambaye ataiwasilisha Halmashauri na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Wenye mitumbwi na mashua wakague nyavu na sakafu za vyombo vyao kabla ya kuondoka katika mwalo wowote wenye magugu.