Mtaji Usioandikwa Daftarini: Planktoni na Tijara ya Samaki katika Mwambao wa Kilwa na Lindi

Kitomanga si mji wa kuiona bahari kutoka barazani. Ni kituo cha barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi, penye wakulima wa ufuta na korosho, na samaki wake huletwa kwa baiskeli na pikipiki kutoka Mchinga na madiko mengine ya jirani. Walakini mtu atakaye kuijua hali ya tijara ya samaki katika mwambao huu wa kusini hakosei akianzia kwenye soko kama hili, kwa kuwa hapa fedha ya ufuta, ipatikanayo katikati ya mwaka, na fedha ya korosho, ianzayo kuingia mwezi wa Oktoba, hukutana na dagaa wa baharini. Na mchuuzi mwenye busara huyajua majira ya shamba kadiri nahodha ayajuavyo majira ya upepo.

Bidhaa kubwa ya watu wa hali ya chini ni dagaa, na baada yake vibua. Boti za ringineti hutoka katika usiku wa giza la mwezi, zikiwa na taa, zamani karabai za mafuta na siku hizi taa za betri, na chini ya mwanga ule vidudu vya majini hukusanyika, dagaa wakavifuata, mpaka nahodha aonapo kundi limeshikamana akaamuru nyavu ishushwe na kuwazunguka. Alfajiri mzigo hufika dikoni, ukanunuliwa kwa ndoo, na kina mama na vijana wenye masufuria wakawachemsha samaki katika maji ya chumvi kabla ya kuwaanika juu ya vichanja au juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa mchangani. Jua likiwaka, dagaa hukauka upesi na kubaki weupe. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huvunjika na kuwa na harufu, na thamani yao hushuka hata mwenye mali akaona heri awauze wawe chakula cha kuku. Waliokauka vyema husafiri mbali, kwani dagaa wa pwani yetu wana wanunuzi hata kutoka Kongo.

Katika hesabu za biashara hii utakuta mafuta, barafu, chumvi, kuni, ushuru, mgawo wa mabaharia na fungu la mwenye chombo. Planktoni hutaikuta, ilhali ndiyo rasilmali inayoyabeba yote hayo. Dagaa na vibua huishi kwa kula planktoni, yaani vile vijimea na vidudu vinavyoelea baharini, ambavyo vingi havionekani kwa macho matupu, na vikipungua leo, nyavu ya kesho hurudi nyepesi, hata kama injini ni mpya na nahodha ni hodari.

Ilimu ya jambo hili kwetu si ya jana. Mnamo 1957 B. S. Newell, aliyefanya kazi katika shirika la utafiti wa uvuvi wa bahari la Afrika Mashariki lililokuwa na makao yake Unguja, alichapisha uchunguzi wake wa awali juu ya maji ya mwambao, akieleza jinsi pepo za kusi na kaskazi zinavyotawala hali yake. Miaka ya 1970 Ian Bryceson wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifuatilia vijimea vya bahari ya Dar es Salaam kwa majira ya mwaka. Mwaka 1978 chuo hicho kikaanzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Unguja, ambako Margareth Kyewalyanga na wenzake wameendeleza upimaji wa vijimea hivyo. Na mwaka 2002 Charles Lugomela, pamoja na Bryceson na wengine, walitoa matokeo yao juu ya kiumbe kiitwacho Trichodesmium.

Kiumbe hicho kinastahili kutazamwa kwa karibu, maana bahari yetu kwa asili si tajiri wa mbolea. Mkondo wa Afrika Mashariki huanzia pale maji ya Bahari Hindi yasukumwayo magharibi yapigapo mwambao karibu na mpaka wa Msumbiji, ukapanda kaskazini mwaka mzima, kwa nguvu nyingi wakati wa kusi na kwa utulivu wakati wa kaskazi, nao maji yake ya juu ni safi, ya buluu, na maskini wa virutubisho. Kaskazi iingiapo, maji yakapata joto na kutulia, Trichodesmium huzidi, ikaonekana juu ya bahari katika michirizi ya rangi ya kahawia kama unga wa mbao uliomwagwa na fundi. Na kazi yake ni kuichukua naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea ambayo vijimea vingi haviwezi kujitengenezea. Karibu na nchi kavu kuna hazina nyingine, yaani matope na majani yaliyooza yaletwayo na mito ya Matandu, Mavuji, Mbwemkuru na Lukuledi, pamoja na mikoko ya ghuba za Kilwa, ambamo kamba na samaki wachanga hupata maficho na chakula. Mwenye kukata mikoko kwa ajili ya boriti na tanuri za chokaa anakata katika fungu la mvuvi, ijapokuwa hawajuani.

Namna ya kuipima planktoni si ya siri wala ya gharama ya kutisha. Chandarua cha nyuzi nyembamba mno, kipana mdomoni na chembamba mkiani, hukokotwa polepole nyuma ya mashua, na kilichonaswa hushukia katika chupa iliyofungwa mkiani, kikatiwa dawa kisioze, kikahesabiwa chini ya darubini kiumbe kwa kiumbe. Maji mengine huchujwa kwa karatasi, na ule ukijani unaobaki huyeyushwa kwa asetoni ili ijulikane ni kiasi gani cha klorofili kilichomo. Wako wasemao kwamba satelaiti, zinazosoma rangi ya bahari kutoka angani, zimeiondoa haja ya chupa. Kwa bahari kuu maneno yao yana uzito. Kwa ghuba za Kilwa na Lindi, ambako maji ni ya kina kifupi na yamechanganyika na tope, rangi hudanganya, na mtu hana budi kuingia majini na chombo chake.

Kipimo cha mara moja hakitoshi kwa mfanyabiashara. Meli ya utafiti Dr. Fridtjof Nansen ilizichunguza bahari za Tanzania mwaka 1982 na 1983, ikarudi tena 2018, na kazi yake ilikuwa na faida kubwa. Lakini kati ya ziara na ziara kizazi kizima cha mabaharia kimekwisha kustaafu. Na katika muda huo bahari haikukaa vilevile: joto la mwaka 1998 lilipausha matumbawe mengi ya nchi hii, na wakulima wa mwani wameona aina ya cottonii ikifa katika maji ya kina kifupi yaliyopata moto. Hata samaki wenyewe hatujawamaliza kuwajua: silakanti, samaki wa kale ambaye wataalamu wa ulimwengu walidhani ametoweka zamani hata alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, alinaswa kwa mara ya kwanza katika maji ya Tanzania karibu na Songo Mnara mwaka 2003.

Haja hii ya vipimo vya kudumu naitaja kwa sababu ya Kilwa Masoko. Mwezi wa Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka huko jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ambayo gharama yake inazidi shilingi bilioni 260. Ni jambo la kufurahiwa na kila mwenye mapenzi na kusini, kwa maana gati, barafu na vyumba vya baridi ndivyo vilivyokosekana miaka yote samaki wetu walipokuwa wakiharibika au wakiuzwa kwa bei ya kutupa. Lakini chumba cha baridi hakizai samaki. Hutunza tu walioletwa, na kiwanda kilichojengwa kwa kipimo cha mwaka wa neema hukaa kitupu mwaka wa uhaba, mkopo wa benki ukaendelea kudai.

Wavuvi wa pweza wamekwisha kuonyesha kwamba mafundisho ya wataalamu yanaweza kuingia sokoni. Pweza hukua upesi, maisha yake hayazidi sana mwaka mmoja, na watoto wake huelea pamoja na planktoni kabla ya kushuka mwambani. Kwa hiyo katika baadhi ya vijiji vya mwambao na visiwani watu hukubaliana kuufunga mwamba kwa miezi kadhaa, kisha wakaufungua na kuvua pweza wazito, badala ya wale wadogo wasiofika nusu kilo ambao sheria imekataza kuvuliwa. Dagaa hafungiwi mwamba, kwa kuwa hana mwamba. Yeye huhitaji kalenda, na kalenda hiyo haiwezi kuandikwa bila hesabu ya chakula chake.

Rai yangu ni kwamba bandari ya Kilwa Masoko ipewe chumba cha maabara, mashua moja, vyandarua, darubini na wataalamu wachache wa kudumu, wakifanya kazi pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, na wenzao wa Unguja, na kwamba sehemu ya ushuru utozwao dikoni itengwe kwa kazi hiyo. Vipimo vichukuliwe kila mwezi mahali palepale, katika ghuba za Kilwa, mdomoni mwa Mbwemkuru na mbele ya Mchinga, na matokeo yabandikwe dikoni kwa Kiswahili, kando ya uzani wa samaki wa mwezi ule, ili mwenye boti, mwenye masufuria na mchuuzi wa Kitomanga waweze kuzisoma hesabu hizo mbili pamoja kabla ya kukopa fedha ya msimu. Kazi ianze kabla ya kaskazi kuingia.