Istilahi za Rangi na Ufundishaji wa Uchanganyaji Rangi katika Shule za Msingi za Ukanda Wetu

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kwamba nyekundu na buluu huzaa zambarau. Akichovya brashi na kupata rangi ya matope, hulaumiwa kwa uzembe, au hujilaumu mwenyewe na kuamini kuwa hana kipaji. Makala haya yanabainisha kwamba mara nyingi kosa si lake. Chanzo ni kanuni iliyorahisishwa kupita kiasi, rangi zilizonunuliwa bila kuzingatia sifa zake, na istilahi zisizomsaidia mtoto kuona. Yote matatu yanarekebishika.

Rangi zinavyochanganyika

Newton, katika Opticks (1704), alionesha kuwa mwanga mweupe una ndani yake rangi nyingi. Rangi ya kuchorea haitoi mwanga wake yenyewe: hufyonza sehemu ya mwanga unaoiangukia na kurudisha iliyosalia. Manjano hufyonza buluu, na kurudisha kijani pamoja na nyekundu. Buluu ya kawaida hufyonza nyekundu, na hurudisha buluu pamoja na kiasi cha kijani. Zikichanganywa, kijani ndicho kinachorudishwa na zote mbili, nacho ndicho tunachokiona. Kuchanganya rangi, kwa hiyo, ni kupunguza mwanga. Ndiyo maana rangi nyingi zikivurugwa pamoja huishia katika weusi uliofifia.

Kanuni hiyohiyo hufafanua tatizo la zambarau. Nyekundu iliyoelekea machungwa hufyonza karibu buluu yote, na buluu iliyoelekea kijani hufyonza karibu nyekundu yote. Hivyo kinachosalia ni kidogo mno, nacho ni giza. Nyekundu hiyo ikibadilishwa kwa majenta, ambayo hurudisha nyekundu na buluu pia, zambarau safi hupatikana. Wachapishaji wamelijua hili kwa muda mrefu, nao hutumia sayani, majenta, manjano na nyeusi. Kauli kwamba nyekundu, manjano na buluu ndizo rangi za msingi ni mwongozo wa kuanzia, wala si sheria ya maumbile.

Jina la rangi na kitu chenyewe

Kiswahili kina vivumishi asilia vitatu tu vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Berlin na Kay (1969) walidai kuwa lugha zenye istilahi tatu tu za msingi huwa na hizohizo. Rangi nyingi nyingine hutajwa kwa kitu: manjano ni kiungo, kijani hutokana na jani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa, zambarau na tunda. Utaratibu huu ni hazina kwa mwalimu, mradi mtoto akijue kitu chenyewe. Tunda la mzambarau huitwa jambula nchini Uganda. Mtoto wa Kampala aliyewahi kupaka ulimi wake rangi kwa jambula anaijua zambarau barabara, ila hajui kwamba anaijua. Machungwa nayo yana mtego: katika maeneo yetu ya joto, chungwa huiva ganda likiwa bado kijani. Mwalimu anayesema “rangi ya chungwa” bila kuonesha mfano huenda akawa anataja rangi ambayo darasa halijaiona kwenye chungwa lolote.

Nchini Rwanda, ambako Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, sanaa ya imigongo hujengwa hasa kwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Somo linaloanzia hapo humwonesha mtoto kuwa rangi chache si umaskini wa sanaa.

Utaratibu darasani

Kwanza, mwalimu aanze na rangi nyepesi na kuongeza nzito tone kwa tone. Tone moja la buluu hugeuza manjano mengi, ilhali manjano kidogo hupotelea ndani ya buluu. Pili, wanafunzi wahesabu matone na kuandika matokeo katika jedwali, ili kila mchanganyiko uweze kurudiwa. Tatu, mchanganyiko ulioharibika uchunguzwe na darasa zima badala ya kufutiwa alama. Palipo na uhaba, mkaa, chokaa iliyokwisha kupoa, udongo mwekundu na manjano ya jikoni vyaweza kukorogwa na uji mzito wa unga wa muhogo. Ifahamike tu kwamba manjano hayo hufifia juani, na kwamba chokaa ishikwe na mwalimu, kwa kuwa hudhuru macho. Rangi za mafuta za kung'aa, kama zile za baiskeli alizotumia Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam, hazichanganyiki na rangi za maji, na mvuke wake haufai kwa watoto wadogo.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Mitaala iseme “rangi za kuanzia” na iruhusu jibu linalotokana na jaribio. Orodha za ununuzi wa vifaa zitaje majenta na aina mbili za buluu, badala ya makasha yenye rangi nyingi zilizokwisha changanywa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iratibu orodha ya istilahi za rangi inayoambatana na sampuli zilizochapishwa, kwa kuwa neno la rangi lisilo na sampuli kila nchi italisoma kwa jicho lake. Mtoto atakayepewa neno sahihi, rangi sahihi na nafasi ya kukosea atajifunza kuchora, na papo hapo atajifunza kuuliza kwa nini.